Mgongo wa Mlima

Magunia yale yalikuwa ya kahawa. Mwalimu mkuu, Mzee Wahome, aliyaomba kiwandani, akayapigilia mwenyewe juu ya madirisha ya Gredi ya Tano, upande wa barabara na upande wa bonde. Yakishushwa, darasa linakuwa na giza la jikoni kabla moto haujawashwa, na harufu ya kahawa mbichi inakaa puani hadi saa ya chakula. Ndani ya giza hilo Kathambi alikuwa mwalimu. Nje yake alikuwa mgeni tu.

Kwao ni Chogoria, upande wa pili wa Mlima Kenya. Kutoka Chogoria hadi shule hii ya Wamagana, kama wewe ni ndege, ni kuruka mlima na kutua. Lakini Kathambi si ndege. Ilimbidi auzunguke kwa chini, apite Embu, ashuke Sagana na begi lake na godoro lililofungwa kamba, atafute gari lingine la kumpandisha Nyeri. Alifika Januari, anga likiwa safi, na mlima umesimama wazi kuanzia msituni hadi kwenye theluji. Aliutazama akidhani atafarijika. Haukumfariji. Ulikuwa kama mtu unayemfahamu umemkuta mbele ya duka, umemwita jina, hageuki. Vilele vilikuwa vile vile na theluji ile ile, lakini kila kitu kimekaa kinyume. Akasema moyoni, hata huyu amenipa mgongo.

Hakumwambia mtu maneno hayo. Hakuwa na mtu wa kumwambia.

Chumba alichopanga kilikuwa nyuma ya soko la Wamagana, cha mabati, na ukuta mmoja umeshikana na duka la dawa za mifugo, hivi kwamba hata nguo zake zilinuka kama za daktari wa ng'ombe. Alichemsha githeri, mahindi na maharagwe, ya siku tatu kwa mara moja, kwa sababu kumpikia mtu mmoja kila jioni ni kujikumbusha kwamba ni mmoja. Jumapili alimpigia mama yake, Jeniffer, akamwambia kila kitu kiko sawa, watu ni wazuri, amepata marafiki.

"Marafiki gani?" mama yake akauliza. "Wanaitwa nani?"

Kathambi akasema mtandao unakatika.

Hii ilikuwa shule yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa Murang'a, na huko alikaa muhula mmoja tu. Hakuwa ameajiriwa na serikali. Alikuwa mwalimu wa bodi, yaani wazazi ndio wanaochanga wamlipe, na wazazi wakisema basi, ni basi. Wale wa Murang'a walisema basi. Ati sauti yake haifiki nyuma. Akarudi kwa mama yake kama sufuria la kuazima, na watu wa kijijini wakamuuliza mbona amerudi mapema hivyo, akasema shule zimefungwa, na hazikuwa zimefungwa. Alijua kwamba mwalimu akirudishwa mara ya pili hakuna anayeuliza sababu tena. Watu huacha tu kumwita mwalimu.

Kwa hivyo aliingia Wamagana akiwa tayari ana woga, na watoto hunusa woga mapema kuliko mbwa. Kiswahili chake kilikuwa na wimbo wa Kimeru. Watoto nao Kiswahili chao kilikuwa na wimbo wa Kikikuyu, lakini huo hawakuusikia, kwa hivyo waliona mwalimu peke yake ndiye anayeimba. Akigeukia ubao kuandika, nyuma yake mtu anarudia alichosema, kwa wimbo ule ule, na darasa linapasuka kwa kicheko. Akigeuka, nyuso zote zimetulia kama mayai kwenye trei. Hakuwahi kujua ni nani. Baada ya wiki chache akaacha kutaka kujua. Alifundisha akitazama juu ya vichwa vyao, pale mahali ukuta unapokutana na dari.

Projekta aliikuta kwenye kabati la ofisi, ndani ya sanduku lake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyumbani kwa shosho, yaani bibi. Mtu fulani aliyesoma shule hiyo zamani aliileta, akapigwa picha nayo, akaenda zake. Tangu hapo haikuwa imewashwa. Mwalimu Kinyua wa Hesabu alisema kitu chenye balbu ghali hivyo hawezi kukishika na mikono yenye chaki. Lakini Kathambi alifundishwa kuitumia chuoni, na kompyuta ndogo alikuwa nayo. Akaenda kuomba ruhusa.

"Jaribu," Mzee Wahome akasema. "Lakini ukiichoma, mimi sijui na wewe hujui. Tutasema ni panya."

Siku ya kwanza aliwaonyesha moyo wa mtu ukipiga. Moyo ulikuwa ukutani, mkubwa kama ndama, unajikunja na kujikunjua, na damu inaingia huku inatokea kule. Hakuna aliyeimba. Hakuna hata aliyekohoa. Kesho yake akawaonyesha bahari, na mtoto mmoja akauliza ng'ambo yake iko wapi. Halafu akaweka maandishi makubwa meupe, na kabla hajamtaja mtu wa kusoma, sauti moja nyembamba ikatoka nyuma kabisa, ikasoma mstari mzima bila kukwama.

"Ni nani huyo?" akauliza.

"Ni Murugi," wengine wakajibu, nao wakishangaa, kwa sababu Murugi hakuwa mtu wa kusoma. Miaka yote mwandiko wa ubaoni kwake ulikuwa ukungu.

Kathambi alisimama kando ya mashine, pale mwanga wake haufiki. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Na kwa vile kila mtu alikuwa amenyamaza, sauti yake ilifika nyuma. Alipotoka darasani alienda msalani akafunga mlango, akakaa humo kidogo, akicheka peke yake na mkono mdomoni.

Basi ikawa hivyo. Muhula wa pili ulipoanza, kila somo lake lilikuwa slaidi. Hata Kiswahili, hata Elimu ya Dini. Jioni chumbani alizitengeneza akiwa na blanketi mabegani, akichagua picha, akibadilisha rangi ya herufi, na lile duka la mifugo likifungwa hakusikia. Kazi ya jioni ilimkalia kama mgeni asiyekula. Mwalimu Kinyua akamwita Mwalimu wa Sinema.

"Leo unaonyesha gani?" anamuuliza wakinywa chai. "Ya vita ama ya mapenzi?"

"Ya usagaji chakula."

"Hiyo ni ya vita."

Ndivyo walivyozungumza kila siku, na baada ya hapo Kinyua anageukia gazeti.

Lakini giza nalo lina mambo yake. Ngatia, mvulana wa dawati la tatu, alijifunza kulala akiwa ameketi wima, shavu limeegemea mkono, na magunia yakikunjwa utamwona ana alama ya kifungo cha mkono wa shati shavuni. Wengine waliandika nusu ya sentensi, slaidi ikapita, wakaandika nusu ya nyingine. "Mwalimu, rudisha kidogo," mtu anasema huko nyuma, lakini feni ya mashine inavuma kama nyuki, na Kathambi hasikii, au anasikia na kudhani ni mambo yao. Aliona wametulia. Alidhani kutulia ndiko kusoma.

Siku moja, Jumamosi, alikuwa sokoni akinunua kabeji. Mwanamke anayeuza, mwenye koti la mvua la kijani, alimkatia vizuri, akamfungia, halafu akasimama akimtazama kama mtu anayengoja chenji.

"Mwalimu, hata husalimii mtu wako?"

Kathambi akatazama. Kando ya magunia ya viazi kulikuwa na msichana mwembamba amekaa juu ya ndoo, ana sweta ya zambarau. Uso mzuri, mpole. Hakuwahi kuuona.

"Hujambo," Kathambi akamwambia. "Unasoma shule gani?"

Yule mwanamke akaacha kisu mezani.

"Sijambo, Mwalimu," msichana akasema, na hapo hapo Kathambi akaijua ile sauti. Ilikuwa ya Murugi. Sauti aliyoingoja kila siku, iliyosoma mistari ya mwisho, ambayo aliipenda darasani kuliko zote. Akataka kusema hivyo, lakini maneno yalikuwa mengi na soko lilikuwa na kelele.

"Ni wako tangu Januari," mama yake Murugi akasema. Jina lake ni Gathoni. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeweka kitu mfukoni, atakitoa baadaye.

Ikaingia Julai. Julai ya Tetu, upande huu wa Nyeri, si mchezo. Ni baridi na manyunyu, nguo hazikauki, na mlima huondoka kabisa, wiki hadi wiki, kana kwamba haukuwahi kuwepo. Somo la wakati huo lilikuwa milima. Kathambi angeweza kutafuta picha mtandaoni, ziko maelfu. Lakini alikuwa na moja kwenye simu, aliyotumiwa na ndugu yake Mbae, iliyopigwa kutoka mlangoni mwa jikoni la mama yao. Ilikuwa ya jioni. Mlima mweusi, jua limeshuka nyuma yake, kamba ya nguo inapita katikati. Aliiweka kwenye slaidi kwa sababu alitaka kuiona ikiwa kubwa.

"Huu ndio Mlima Kenya," akasema.

Halafu sauti ya mvulana ikauliza, "Gani?"

"Huu. Mlima Kenya."

"Si hiyo, Mwalimu."

"Ni huo."

"Ncha yetu kubwa iko huku, na kadogo iko kule. Hiyo imegeuka."

"Pengine ni ya Tanzania," mwingine akasema, na darasa likacheka.

"Mwalimu." Ilikuwa sauti ya Murugi, kwa upole, kama mtu anayekuambia sketi yako ina doa. "Umeiweka nyuma mbele."

Mwalimu mwingine angecheka pamoja nao, kisha angechora duara na kuwaonyesha kwamba mtu wa huku na mtu wa kule huona kitu kimoja kwa kinyume. Kathambi alijua kulichora duara hilo. Lakini giza humtoa mtu maneno ambayo mwanga huyazuia, na tena ile ilikuwa picha ya kwao, na wameicheka.

"Hii ndiyo mbele," akasema. "Hapo ni mlangoni kwa mama yangu. Nyinyi hapa mnaona mgongo. Kila siku mnaangalia mgongo wa mlima mkidhani ni uso."

"Guka yangu akiomba huangalia huko," Ngatia akasema. Hakuwa amelala. "Sasa ni mgongo anaomba?"

Kengele ikalia.

Babu yake Ngatia ni Mzee Kingori. Ni mzee wa kanisa, lakini mambo ya mvua na mavuno bado huyasema akiwa amesimama kwenye shamba lake la chai, kofia mkononi, uso kuelekea mlima, uonekane usionekane. Baba yake alifanya hivyo, na baba wa baba yake. Ngatia alimpelekea lile neno jioni ile ile. Kufikia Jumapili, watu wakitoka ibadani, walikuwa wakiulizana kwa kicheko na bila kicheko: mmesikia yule Mmeru wa projekta anasema sisi tunaomba mgongo?

Jumatatu Mzee Wahome alimwita ofisini.

"Keti, Mwalimu. Ulisema nini juu ya mlima?"

Akamwambia. Mzee Wahome alifuta miwani yake kwa tai, akaivaa, akaifuta tena.

"Mimi nimekuelewa," akasema. "Jografia iko sawa. Lakini Kingori hakusomea jografia, na kwa mkutano wa wazazi yeye ndiye hukaa mbele. Mkutano ni Ijumaa. Wataongea juu ya mwalimu wa bodi, kama aendelee ama aende. Na mwalimu wa bodi ni wewe peke yako."

"Wataniondoa?"

"Wengine wanasema watoto hawana kitu kwa kichwa, wanaonyeshwa sinema tu. Gathoni naye ako na lake." Akamtazama. "Hata mimi siku moja nilikuuliza ni nani hakuja, ukaniambia utaangalia. Ulikuwa unatoka darasani, Mwalimu."

Kathambi akainuka.

"Jitayarishe," Mzee Wahome akasema.

Akajitayarisha kwa njia aliyoijua. Wiki nzima alitengeneza slaidi. Aliweka moyo unaopiga, aliweka bahari, aliweka mlima wa huku na mlima wa kule na mishale ya rangi, na mwishoni akaandika kwa herufi kubwa kwamba teknolojia ni rafiki wa mtoto. Zilikuwa slaidi nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Alizipitia mpaka akaziota. Katika ndoto hizo yeye mwenyewe hakuwemo.

Ijumaa ikaja na manyunyu. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu, buti zina udongo mwekundu, miavuli inatiririsha maji sakafuni. Magunia yalishushwa. Kathambi akasimama mahali pake kando ya mashine, akabonyeza, mwanga ukagonga ukuta. Akaanza kusalimia.

"Simamisha hapo," mtu akasema mbele. Ilikuwa sauti ya uzee, kavu. "Nani anaongea?"

"Ni mimi, Mzee. Mwalimu Kathambi."

"Uko wapi?"

"Hapa kando ya mashine."

"Sikuoni. Nimekuja kuona mwalimu, nimeonyeshwa ukuta." Watu wakacheka. "Mtu ninayemlipa niko na haki ya kuona pua yake."

Kathambi akamtafuta Mzee Wahome gizani. Akangoja mtu aseme muacheni mwalimu aendelee. Hakuna aliyesema. Basi akaenda dirishani akakunja gunia la kwanza, akalifunga na kamba yake. Akaenda la pili. Lilikuwa refu, akapanda kwenye kiti. Hakuna aliyeinuka kumsaidia, si kwa ubaya, ni vile walikuwa wakitazama. Kila gunia lililokunjwa liliondoa kidogo ya picha ukutani, mpaka moyo ukawa kama doa la maji linalokauka, na mwisho hata doa halikuwepo. Nje ya madirisha hakukuwa na mlima wowote. Ukungu tu, na mti wa mgrevilea karibu na ua.

Akageuka. Nyuso zote zilikuwa pale.

Gathoni alisimama na koti lake la kijani. "Mimi niko na swali moja tu. Mwalimu, tulikutana sokoni. Mtoto wangu umekaa naye tangu Januari. Hukumjua. Kwa nini?"

Macho ya Kathambi yakapanda yenyewe, yakaenda pale ukuta unapokutana na dari. Akayashusha.

"Ni kweli sikumjua," akasema. "Ni kwa sababu sipendi kuwaangalia."

"Ongeza sauti," mtu akasema nyuma. "Huku hatusikii."

Hapo akaona Murang'a yote. Akaona begi, akaona godoro, akaona watu wa kijijini wakiuliza mbona mapema. Jambo la aibu kulisema mara moja ni kazi. Kulirudia kwa sauti kubwa ni kazi nyingine.

"Nimesema sipendi kuwaangalia," akasema, na sauti ikafika. "Wakiniona wananicheka ninavyoongea. Gizani hawanioni. Lakini na mimi siwaoni. Hii mashine si mbaya, Mama. Murugi anasoma kwa sababu ya zile herufi kubwa. Ubaoni haoni, na mimi nilitakiwa kukuambia hilo zamani, umpeleke apimwe macho. Sikukuambia. Nilijua sauti yake, sikujua uso wake. Mashine ni ya kuonyesha watoto vitu, mimi nimeifanya blanketi."

Gathoni akakaa.

"Na mlima?" Mzee Kingori akauliza.

"Mzee, kwetu jua likienda kulala huingia nyuma ya mlima. Hapa asubuhi hutokea upande wake. Kila kitu kimebadilishwa. Tangu nifike nauona kama mtu amenipa mgongo. Ndilo neno lililonitoka." Akatafuta jinsi ya kumalizia. "Halikuwa somo. Nilikuwa nasema mambo yangu."

Mzee Kingori alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akainama mbele.

"Wazee wa kwenu wakiomba, huangalia wapi?"

"Mlimani."

"Kwa huo upande wao."

"Ndio, Mzee."

"Na sisi tunaangalia mlimani kwa huu upande wetu." Akageuka nusu, kuwaeleza wengine. "Kumbe miaka yote hii tumekuwa tukiangaliana na Wameru, mlima umesimama katikati. Mimi nasema nipe mvua, mtu wa huko anasema nipe jua. Ndio maana huyu Mungu hatuelewi."

Watu wakacheka, wengine mpaka madawati yakalia. Kathambi hakucheka. Hakujua kama wanacheka naye au wanamcheka, na hakukuwa na giza la kujificha hadi ajue.

Wakamwambia atoke nje wajadiliane. Alisimama chini ya paa, mgongo ukutani, manyunyu yakimpata miguuni. Kupitia kioo alisikia sauti lakini si maneno. Mara inapanda, mara inashuka, mara mtu mmoja anaongea sana na wengine wananyamaza. Alihesabu matone ya mfereji, akapotea, akaacha. Kitu kimoja kilimshangaza. Alidhani sehemu fulani ya moyo wake inataka wamrudishe, ili aende akae mlangoni kwa mama yake wakati jua linaingia. Akaitafuta sehemu hiyo na hakuipata. Alitaka kubaki. Hakuwa na mtu hapa hata mmoja, na bado alitaka kubaki.

Mlango ukafunguka. Mzee Wahome akatoka akifunga vifungo vya koti.

"Umebaki," akasema. "Mpaka Novemba. Mikono ya kukubali haikuwa mingi, nisikudanganye, wengine walikuwa washashika miavuli." Akakohoa. "Magunia ni Ijumaa peke yake. Hizo siku zingine wanataka uonekane."

"Asante, Mwalimu."

"Na Kingori anasema ile mashine ikionyesha mlima tena, ionyeshe zote mbili."

Wazazi wakapita mbele yake wakitoka. Wengine walimpungia mkono, wengine walifungua miavuli tu wakaenda. Gathoni alisimama.

"Macho, ulisema?"

"Ndio. Mkimpeleka Nyeri watampima."

"Sawa," Gathoni akasema, akavuta kofia ya koti, akaondoka.

Jumatatu darasa lilikuwa na mwanga hadi kwenye pembe. Kathambi alimhamisha Murugi akamkalisha mbele kabisa, kisha akaandika ubaoni, na mstari ukateremka kama njia ya kwenda mtoni. Nyuma yake mtu akarudia alichosema, kwa wimbo ule ule wa Kimeru. Darasa likapasuka. Safari hii aligeuka upesi, akatazama nyuso moja moja, na moja ilikuwa bado ina mdomo wazi.

"Kumbe ni wewe, Ngatia," akasema. "Umeniigiza vizuri. Sasa rudia kwa sauti, ifike nyuma, na wengine waandike."

Ngatia akarudia, macho kwenye dawati. Wakaandika. Ilikuwa sentensi nzima, kila mmoja, na yule asiyemaliza alisema sijamaliza na alisikika. Lakini wakati wa chai Mwalimu Kinyua hakuwa na la kumuuliza tena, maana sinema ilikuwa imefungwa, na akaenda moja kwa moja kwenye gazeti. Jioni githeri ilikuwa ile ile. Slaidi ya kutengeneza ilikuwa moja tu, ya Ijumaa, naye aliimaliza jua halijatua.

Wiki ya mwisho ya muhula, asubuhi moja, ukungu uliinuka. Alikuwa amefika shuleni mapema. Mlima ulikuwa pale dirishani, wote, na theluji mpya juu, na jua likitokea ubavuni mwake. Aliutazama kwa muda. Ulikuwa bado umekaa kinyume. Akatoa simu, akaupiga picha, akamtumia mama yake bila kuandika neno.

Jibu lilikuja wakati wa mapumziko, kwa sauti iliyorekodiwa. Nyuma ya sauti ya mama yake kulikuwa na kuku, na mlango wa jikoni ukilia vile unavyolia siku zote.

"Kathambi, nimeona picha. Ni nzuri. Lakini huo ni mlima gani? Wamekuhamisha tena?"

Akaisikiliza, akairudia. Watoto wa Gredi ya Tano walikuwa wakirudi ndani, wakisukumana, Murugi mbele na miwani mipya aliyoishika kwa kidole isianguke. Kathambi alisimama dirishani na simu karibu na mdomo, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, akitafuta pa kuanzia.